Uduvi wa Artemia: baridi ikishuka mayai hayaanguliwi, joto likipanda wanakufa. Hivi vidudu vinavumiliaje chumvi na joto?

FugaMale_Buikwe:

Habarini za humu wakubwa. Mimi nafuga male (kambale) huku Buikwe, natotolesha vifaranga mwenyewe nawauzia wenye mabwawa, na wanaofanya hii kazi wanajua kifaranga cha male kikishamaliza kiini chake tumboni, siku ya tatu hivi, kinataka chakula kinachotembea, unga mwingi unazama tu na kuchafua maji. Kwa hiyo nanunua yale mayai makavu ya Artemia ya kwenye kopo, yanatoka Marekani na bei yake mnaijua, nayatia kwenye maji ya chumvi, wanatoka wale uduvi wadogo wa rangi ya chungwa nawapa vifaranga.

Sasa kinachonisumbua. Msimu wa mvua usiku ukiwa na baridi, nikija kesho yake muda ule ule wa kawaida nakuta wachache ndio wametoka na mengine bado ni mayai ya kahawia yanazunguka tu. Jua likiwaka, mchana chini ya mabati, wale waliotoka vizuri asubuhi wakibaki kwenye chupa hadi alasiri wanalegea, wanashuka chini, jioni wengi wamekufa. Na hata wale wazima kabisa nikiwatia kwenye tangi la vifaranga, ambalo ni maji matamu, mwanzoni wanaogelea vizuri, vifaranga wanakula mpaka matumbo yanakuwa ya chungwa, lakini wasioliwa baada ya saa chache wako chini, weupe, maji yanaanza kunuka.

Swali langu, kila mahali naambiwa Artemia ni kiumbe mgumu sana, anaishi kwenye maziwa ya chumvi ambako samaki hawezi kuingia, na yai lake linakaa kavu miaka na miaka. Kama ni mgumu hivo mbona digrii chache tu zinamwangusha? Hita nitanunua, hilo sio shida, ila nataka kuelewa ndani ya mwili wake kunatokea nini, maana nikielewa ndio nitajua kipi cha kubadilisha na kipi cha kuacha. Na pia chumvi ya Ziwa Katwe naweza kutumia? Inapatikana kirahisi na ni ya kwetu.


Fundi_wa_Hachari:

Ssebo swali zuri, watu wengi wanauliza vipimo tu hawaulizi kwa nini. Nikuanzie kwenye yai.

Ndani ya lile yai kavu kuna kiinitete ambacho kimeshakua hadi seli kama 4,000 hivi halafu kikasimama. Kimesimama kweli kweli, hakipumui kwa kiwango unachoweza kupima, hakigawi seli. Kinacholinda seli zisiharibike wakati hazina maji ni sukari moja inaitwa trehalosi, yai limejaa hiyo, karibu asilimia 15 ya uzito wake mkavu, pamoja na protini za ulinzi, moja wameiita p26, ambazo zinashikilia protini nyingine zisikunjike vibaya. Mtafiti James Clegg alionyesha mwaka 1997 kwamba viinitete hivi vikiwa vimelowa tayari, kwenye maji yasiyo na oksijeni kabisa, vilikaa miaka minne na bado vikaangua. Kwa hiyo sifa ya ugumu uliyoisikia ni ya yai. Uduvi akishatoka kwenye gamba ile silaha yote hana tena, na hapo ndipo watu wengi wanachanganya.

Sasa ukilitia yai kwenye maji, kile kiinitete kinaamka na kuanza kugeuza ile trehalosi kuwa gliserini, gliserini inavuta maji kuingia ndani, presha inapanda, gamba linapasuka. Ukichukua tone ukaliweka mbele ya tochi muda huo utaona jambo zuri sana, gamba limepasuka juu na kiinitete kimening'inia chini yake ndani ya kifuko chembamba kama karatasi, hakitembei bado, baadaye kidogo vile vikono vinaanza kupiga, kifuko kinapasuka, uduvi huyo anaondoka na jicho lake moja jekundu katikati ya kichwa. Mimi naangalia kila nikiangua na bado sijachoka.

Angalia basi chumvi inaingia wapi. Maji yakiwa na chumvi nyingi zaidi, yai linahitaji gliserini nyingi zaidi ili kuyavuta hayo maji, maana yake linachoma akiba zaidi kabla ya kutoka, linachelewa, na uduvi anatoka amechoka hana mafuta ya kutosha mwilini. Kwa hiyo kuongeza chumvi ukidhani unamsaidia ni kumgharimu. Gramu 25 hivi kwa lita inatosha, pima kwa mizani usipime kwa mkono.

Joto lenyewe ni 28. Chini ya 25 mambo yanakwenda polepole, na wengine wanatoka mapema wengine wanachelewa, ndicho unachokiona msimu wa mvua. Juu ya 33 yai linasimama tena. Na pima maji ya ndani ya chupa, usipime hewa ya chumba, maana chupa yenye pampu ya hewa usiku inapoa kuliko unavofikiri, ile hewa yenyewe inaondoa joto.

Halafu kuna pH, kile kimeng'enya kinachomsaidia kutoka kinapenda 8 hadi 8.5, chini ya 8 hatch (idadi ya mayai yanayoanguliwa) inashuka, tia bikabonati ya soda ile ya kuokea, hadi gramu 2 kwa lita. Balbu iwake karibu na chupa tangu mwanzo maana mwanga ndio unaliamsha yai. Mayai yasizidi gramu 2 kwa lita. Hewa nyingi, chupa iliyochongoka chini ili mayai yasilale kwenye pembe.


Mwl_Kasese:

Nafundisha baiolojia huku Kasese na hili swali la uduvi kufa kwenye maji matamu nalipenda sana, naomba nilieleze kwa kirefu kidogo.

Kiumbe wa majini kama Artemia ana damu yenye kiwango chake cha chumvi, na ngozi yake haizibi kabisa. Akiwa kwenye maji yenye chumvi kuliko damu yake, maji yanamtoka mwilini na chumvi inamwingia. Akiwa kwenye maji matamu ni kinyume, maji yanamwingia bila kukoma na chumvi yake inamtoka. Hakuna siku ya mapumziko. Ni sawa na mvuvi aliye kwenye mtumbwi unaovuja, anavua samaki huku anachota maji na kuyamwaga nje, akiacha kuchota tu anazama, na hizo nguvu za kuchota hazipatikani bure.

Artemia ameumbwa kuchotea upande mmoja. Anaishi kwenye chumvi kwa hiyo anakunywa yale maji ya chumvi, utumbo unayafyonza pamoja na chumvi, kisha chumvi ya ziada anaisukuma nje kwa pampu zilizo kwenye ngozi yake. Kwa hiyo damu yake inabaki na chumvi ndogo kuliko maji yaliyomzunguka, hata akiwa kwenye maji ya zaidi ya gramu 200 kwa lita wakati bahari yenyewe ni gramu 35 hivi. Mtoto aliyetoka kwenye yai ana hiyo pampu mgongoni, nyuma ya kichwa tu, ni kiduara kinachoonekana kwenye hadubini. Akikua na miguu ikitokea, kile kiduara kinapotea na kazi inahamia kwenye vipande vyembamba vilivyo kwenye jozi kumi za kwanza za miguu.

Na namna ilivyojulikana ni ya kupendeza. Miaka ya 1950 mwanasayansi anaitwa Croghan aliwatia Artemia wakubwa kwenye pamanganeti, ile ile tunayowasafishia samaki wetu vidonda, ikachoma na kupaka rangi vile vipande vya miguuni tu, sehemu nyingine za mwili ngozi haikupitisha. Baada ya hapo wale wanyama hawakuweza tena kudhibiti chumvi ya damu yao. Matokeo aliyachapisha mwaka 1958. Jaribio rahisi, vifaa ambavyo hata shule yetu inavyo, na jibu likawa wazi.

Sasa mtoe huyo kwenye chupa yako umtie kwenye tangi la male. Ghafla chumvi inamtoka badala ya kumwingia, na pampu yake imeelekea nje. Uwezo wa kuvuta chumvi kutoka kwenye maji matamu kabisa hana wa kutosha. Damu inazidi kuwa nyepesi, seli zinavimba, misuli inakosa nguvu, anazama. Hakuna kosa lolote ulilofanya hapo, ni maumbile yake. Wape vifaranga kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kiasi wanachomaliza, basi.

Kuhusu chumvi yetu ya Katwe. Mimi naishi karibu na nawaheshimu sana wale wanaosimama kwenye yale maji makali kuivuna, lakini kwa kuangulia Artemia siishauri hivi hivi. Ile sio chumvi ya bahari, ziwa lile halina njia ya kutoka, lipo kwenye shimo la volkeno, maji yake yana salfeti na kabonati nyingi pamoja na chumvi ya kawaida. Kabonati inapandisha pH juu sana kupita 8.5 anayoisema fundi, na kila daraja la chumvi wanayovuna lina mchanganyiko tofauti, kwa hiyo leo utapata hatch nzuri kesho utapata mbaya na hutajua kwa nini. Tumia chumvi ya bahari ile ya mawe inayotoka pwani ya Kenya, iko sokoni kila mahali.


FugaMale_Buikwe:

Mwalimu na fundi mbarikiwe, hapa nimepata zaidi ya nilichotegemea. Sasa nimeelewa maji matamu na nimeelewa baridi. Imebaki joto la mchana. Hawa wako kwenye maji yao ya chumvi wanayoyapenda, pampu inafanya kazi, joto linapanda labda hadi 34 au 35 ndani ya chupa, mbona wanaanguka? Na nimesoma huko kwao kwenye yale maziwa jua ni kali kuliko letu.


Kopepodi256:

Hapa nitaingia mimi maana niko kwenye mambo ya wadudu wa maji, sana sana kopepodi, wale jamaa wadogo wa ukoo wa kamba na kaa ambao wengi hamuwaoni kwa macho lakini wamejaa kila bahari.

Joto linawapiga kwa njia tatu kwa wakati mmoja na ndio maana linaua haraka. Ya kwanza, mwili wa kidudu hauna joto lake wenyewe, joto la maji ndilo joto lake, na ukipandisha digrii 10 kazi ya mwili inakwenda karibu mara mbili au zaidi. Huyo uduvi wako hajafungua hata mdomo, saa za mwanzo anaishi kwa kiini tu, kwa 28 anabadilisha ngozi baada ya saa nane hivi ndipo anaanza kula, sasa kwenye chupa yako hamna cha kula. Ukimpandishia joto anamaliza kiini mapema. Hata akiwa hai jioni, chakula kilichobaki ndani yake kwa ajili ya vifaranga vyako ni kidogo, umelipia kopo zima unalisha maganda.

Ya pili ni oksijeni. Maji matamu ya digrii 20 yanashika miligramu 9 hivi kwa lita, ya digrii 30 yanashika 7 na nusu, ukitia chumvi ya kiwango cha bahari kwenye hiyo 30 inashuka hadi 6 na kidogo. Hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Sisi huku ukanda wa Nalubaale (Ziwa Victoria) tuko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa ni nyepesi, toa tena karibu sehemu moja ya nane. Kwa hiyo muda ule ule anaohitaji oksijeni mara mbili, ndio muda maji hayana. Artemia mkubwa akikaa siku nyingi kwenye chumvi nyingi anatengeneza himoglobini, anakuwa mwekundu, inamsaidia kushika hiyo oksijeni kidogo. Kwa yule wa siku moja msaada huo ni mdogo.

Ya tatu ni protini kufumuka. Protini za mwili zimekunjwa kwa umbo maalum, joto likizidi zinafunguka na kushikana ovyo. Hapo seli inatengeneza protini za kukabili joto, kazi yake kuzishika zile nyingine na kuzirudisha kwenye umbo, ila kuzitengeneza kunataka nguvu nyingi na kunataka muda. Ndio maana kupanda polepole anavumilia na kupanda ghafla anakufa. Kuna kundi la watafiti kule Ghent, Ubelgiji, wenye kituo chao cha Artemia, waliwapa watoto wa Artemia joto la 37 kwa nusu saa kisha wakawarudisha 28 wapumzike saa kadhaa, wakakuta wanastahimili hata bakteria wa Vibrio kuliko wenzao ambao hawakupitishwa kwenye joto. Zile protini za joto zilikuwa zimeshaandaliwa. Usijaribu hii chini ya mabati lakini, pale kwao nusu saa ni nusu saa kweli, kwako ni mchana kutwa.

Sasa weka chumvi na joto pamoja. Pampu aliyoisema mwalimu inakula nguvu, joto linakula nguvu, kutengeneza protini kunakula nguvu, na nguvu zote zinataka oksijeni ambayo haipo. Kila moja peke yake angeiweza. Ndio jibu la mbona digrii chache zinamwangusha.


BodaMpakaBwawani:

Mi naona mnamtisha bure mwenzetu. Dawa ni kuwazoesha tu, unatia maji matamu kidogo kidogo kwenye chupa siku nzima hadi chumvi inaisha, kiumbe yeyote anazoea. Kamba si wapo mpaka ziwani kwetu? Wale wadogo sangara anawala, mputa wenyewe. Hao nao walitoka baharini zamani.


Kopepodi256:

Ndugu hapo umegusa jambo la maana sana ila kuzoea ni kwa aina mbili, na muda wake ni tofauti kabisa.

Kuna kuzoea kwa mnyama mmoja ndani ya maisha yake, anarekebisha vile alivyo navyo. Artemia ukimshusha polepole hadi gramu 10 au chini kidogo anakubali. Ila ukifika kwenye maji matamu kabisa hana chombo cha kufanyia hiyo kazi, kwa hiyo hata umshushe wiki nzima mwisho utakuwa ule ule, na wakati unamshusha kiini kinaisha.

Kuna wengine hawapigani na chumvi kabisa. Kule pwani ya California kuna kopepodi anaitwa Tigriopus, anaishi kwenye vidimbwi vya juu ya miamba ambako mawimbi yanafika kwa kurushwa tu. Jua likiwaka maji yanakauka chumvi inapanda mara mbili, mvua ikinyesha inakuwa karibu maji matamu, na joto siku moja tu linapanda na kushuka vibaya. Huyu damu yake inafuata chumvi ya maji, haipingi, lakini seli zake zisikauke anazijaza amino asidi (vile vijenzi vya protini), sana sana prolini na alanini. Chumvi ikipanda anazitengeneza, ikishuka anazimwaga au kuzichoma. Na hiyo nayo ni gharama, kila molekuli ya prolini ni chakula ambacho kingekwenda kwenye mayai. Na wale wa kusini kwenye joto wanastahimili digrii nyingi zaidi kuliko wa kaskazini kule Oregon ingawa ni spishi moja. Watafiti wakina Kelly walijaribu mwaka 2012 kuwachagua wale wanaovumilia joto kizazi baada ya kizazi, uvumilivu ukapanda kidogo halafu ukagoma, wale wa kaskazini hawakuwafikia wa kusini. Hii inaniogopesha kwa sababu bahari inazidi kupata joto na hawa ndio chakula cha samaki wadogo wote.

Sasa kuzoea kwa aina ya pili, cha vizazi, ndicho unachokisema cha kamba wetu wa ziwani. Yule kamba mdogo wa Nalubaale, Caridina, mababu zake walitoka baharini lakini yeye anazaliwa, anakua na anazaa kwenye maji matamu, pampu zake zimegeukia ndani, zinavuta chumvi kidogo iliyopo kwenye ziwa. Mfano tunaouona karibu karibu ni kopepodi Eurytemora, wa midomo ya mito yenye chumvichumvi. Njia ya meli ya Mto St. Lawrence ilipofunguliwa mwaka 1959 meli zikapanda hadi yale Maziwa Makuu ya Amerika, na maji wanayobeba chini ya meli yakamwaga huyu kopepodi ndani ya maji matamu. Akakaa, akazaa. Carol Lee na wenzake walipochunguza wakakuta pampu zake za ayoni zimebadilika kwa kurithi ndani ya miongo michache tu, na waliokufa njiani hawahesabiki. Hiyo huwezi kuifanya kwenye chupa kwa siku moja ndugu yangu.


BodaMpakaBwawani:

Sawa hapo nimekupata. Kumbe ndio maana hata nikiwashusha vizuri wanafika mahali wanaanguka wote.


Nnalongo_Masaka:

Wanangu mmeongea vizuri ila mbona hakuna anayemwambia huyu kijana habari ya Moina? Mimi namiliki hachari (kituo cha kutotolesha vifaranga) Masaka, nilikuwa nanunua kopo la Artemia kila msimu hadi nikaona faida yote inakwenda kwenye kopo.

Moina ni kiroboto cha maji, naye ni wa ukoo huo huo, ila yeye wa maji matamu tangu zamani, pampu yake inavuta chumvi kuingiza ndani kama alivyosema huyu wa kopepodi. Ukimtia kwenye tangi la male haanguki, anaogelea kutwa na kesho yake yupo, kifaranga anamla akitaka. Maji hayanuki. Na joto letu ndilo analolipenda, 24 hadi 30 hivi. Oksijeni ikipungua naye anatengeneza himoglobini, ndio maana utaona beseni limekuwa jekundu, ukiona hivo jua anakazana kupumua, ongeza hewa au punguza samadi.

Mimi natia samadi ya kuku iliyokauka kwenye mfuko wa kitambaa, naining'iniza kwenye tangi la nje, maji yakianza kuwa kijani natia mbegu ya Moina kutoka kwenye bwawa, kwa wiki moja hivi wamejaa maana majike wanazaa bila dume hali ikiwa nzuri. Navuna asubuhi kwa chandarua laini. Ila lazima uwachuje vizuri kabla ya kuwapa vifaranga wadogo sana, maana ukichota bwawani unachota na saiklopi, wale kopepodi wenye hasira wanashambulia vifaranga vya siku tatu, na watoto wa kerengende ndio usiseme, mmoja tu anamaliza beseni. Hili limewahi kunilia vifaranga wengi na ndio maana nasisitiza.

Siku mbili tatu za kwanza kabisa bado natumia Artemia kidogo kwa sababu ni safi na unajua umetia nini, baada ya hapo Moina.


FugaMale_Buikwe:

Nnalongo asante sana, hilo naanza nalo mara moja. Nimalizie na wazo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani tangu mwalimu aongee. Kama Artemia anapenda chumvi na kopo ni ghali, kwa nini sisi wenyewe tusimlime hapa Uganda? Kule Katwe kuna maji ya chumvi, kuna jua. Nimesikia Kenya wanafanya.


Mwl_Kasese:

Kenya wanafanya, ni kweli, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni kule Kilifi, walimleta miaka ya 1980. Lakini kule ni mabwawa yaliyochimbwa na watu, maji yanaingizwa kutoka baharini na yanafungwa. Vietnam pia walimchukua yule wa San Francisco wakampanda kwenye mashamba ya chumvi ya Vinh Chau miaka hiyo hiyo, maji ya San Francisco ni ya baridi na ya Vinh Chau ni moto sana, na Clegg na wenzake walipolinganisha mayai wakakuta ya Vietnam yanastahimili joto kuliko ya mababu zao. Kwa hiyo kibaiolojia inawezekana kupata mbegu inayofaa joto letu.

Ila Katwe naomba sana mtu asijaribu kumwaga hata kijiko kimoja. Lile ziwa liko pembeni kabisa ya mbuga ya Queen Elizabeth, na hapo jirani kuna Munyanyange wanakotua heroe msimu wao. Artemia huyu wa Amerika alipofika Ureno na Uhispania alitoroka akaingia kwenye mabwawa ya chumvi na kuwafukuza Artemia wa asili wa kule, sehemu nyingi sasa amebaki yeye tu. Mayai yake yanabebwa na miguu na matumbo ya ndege, ukishamwachia humrudishi. Na ziwa lile ni riziki ya maelfu ya watu wa kwetu. Kama unataka kulima, tia chumvi ya bahari kwenye tangi lako lililozibwa, na uwaulize kwanza watu wa utafiti wa samaki pale Kajjansi au NaFIRRI Jinja.


FugaMale_Buikwe:

Nimekuelewa mwalimu, Katwe nimeiacha. Nitabaki na kopo kidogo na Moina. Fundi, la mwisho, hao wa kopo wakitoka asubuhi nataka kuwapa vifaranga mpaka usiku kidogo kidogo kama mlivosema, niwaweke wapi mchana na hilo joto la mabati?


Fundi_wa_Hachari:

Friji, ssebo. Wakishatoka zima hewa, subiri dakika kumi hivi, maganda yataelea juu na uduvi watashuka, ukiweka tochi chini watakusanyika hapo maana wanafuata mwanga. Watoe kwa mpira mwembamba, wapitishe kwenye kitambaa laini, suuza vizuri kwa maji masafi ili usipeleke chumvi na gliserini yote kwa vifaranga, hiyo gliserini ndiyo inayolisha bakteria wanaonukisha tangi lako. Wanaoliwa sasa hivi wapeleke. Waliobaki warudishe kwenye maji ya chumvi mapya, ndoo ndogo ndani ya friji kwenye digrii 4 hivi na hewa ipite polepole. Kwenye baridi hiyo hawabadilishi ngozi na kiini hakiishi haraka, unaweza kukaa nao hadi saa 24. Wafanye hivo mapema kabla hawajabadilisha ngozi ya kwanza, usingoje saa sita mchana. Na umeme ukikatika usifungue fungue mlango hadi urudi.

Ukiwatoa utaona wamelala chini hawatikisiki, usiwamwage. Wape dakika chache kwenye joto la chumba wanaanza kuogelea tena, ndipo uwapeleke.